Leseni za databesi: yanayosemwa maofisini Unguja na hesabu yenyewe ilivyo

Ofisi yoyote hapa Unguja ikitaka sistimu mpya, iwe hoteli ya Nungwi au duka la jumla Darajani, utasikia "hiyo databesi bei gani?", yaani ile programu inayotunza data zote za sistimu, na hapo hapo ndo watu wanapoanza kupotea, kwa sababu leseni hizi hazina bei moja, zina namna ya kuhesabiwa, na ile hesabu ndo inayokula pesa.

"Nna seva moja, basi leseni moja." Hii ndo inayoumiza wengi khasa. Databesi ya kampuni ya Oracle, toleo kubwa la Enterprise Edition, kwenye listi yao ni dola 47,500 kwa prosesa, lakini prosesa wanayoikusudia wao si kile kipande unachokiona ukifungua mashine, wanahesabu kori, yaani vile vijiprosesa vidogo vilivyomo ndani yake, halafu kwa Intel na AMD wanazidisha kwa 0.5. Chukua seva ya kawaida tu, prosesa moja yenye kori 8, hizo ni leseni 4, dola 190,000. Sasa mashine hiyo hiyo ukiweka toleo lao dogo, Standard Edition 2, wanahesabu soketi, pale prosesa inapochomekwa, soketi moja dola 17,500, basi. SQL Server, databesi ya Microsoft, nayo inahesabu kori ila inauzwa mbili mbili, toleo la 2022 Standard ni dola 3,945 kwa kori mbili kwa hiyo kori 8 zinatoka 15,780, na Enterprise ni 15,123 kwa kori mbili, inafika 60,492. Halafu hiyo Standard ina njia nyengine ambayo wauzaji hawana haraka ya kukutajia: unalipia seva dola 989 na kila mtumiaji dola 230, ofisi ya watu 40 ni dola 10,189. Na bado kuna mtu anasaini Enterprise kwa ajili ya stoo ya mchele.

"Sisi sote tunaingia kwa akaunti moja ya sistimu, kwa hiyo mtumiaji ni mmoja." Hapana bwana. Oracle na Microsoft wote wanahesabu watu walioko nyuma ya ile akaunti, hata wakipitia ukurasa wa wavuti. Na kama ni tovuti ya kukata tiketi ambayo dunia nzima inaingia, huna wa kumhesabu, unalipia prosesa au kori tu.

"Kitu kishakuja ndani ya programu, basi nshakilipia." Hii jamani ndo mbaya kuliko zote, maana haina kelele. Kijana wa IT anaona sistimu nzito jioni, anafungua Oracle anatoa ripoti ya AWR, inayoonesha databesi inatumia muda wake wapi, aangalie kilichokwama, anaiprinti, anatatua tatizo, anasifiwa. Hakuna kilichomuuliza leseni. Lakini ile ripoti iko chini ya Diagnostics Pack, kifurushi kinachouzwa mbali, dola 7,500 nyengine kwa prosesa, na databesi yenyewe imeshaandika kwenye jedwali lake la DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS kwamba imetumika, na odita, mkaguzi wa leseni, akija ndo pa mwanzo anapoangalia. Kuna parameta, yaani mpangilio wa databesi, inaitwa control_management_pack_access, ukiiacha ilivyo kwenye Enterprise inakuja imefunguliwa, iweke NONE siku ile ile unapoinstoli kama hujalipia.

"Tutaigawa seva kwa VMware tulipie kipande tu." VMware ni programu ya kuigawa mashine moja iwe kama nyingi. Oracle hawalikubali hilo, kwao VMware haipunguzi kitu, wanataka kori zote za mashine nzima.

"Seva ya akiba haihesabiwi, si imelala tu." Tangu umeme wa Unguja ulipokatika Disemba 2009 ukakaa kama miezi mitatu, hakuna wa kubisha habari ya kuwa na akiba pahala pengine, hata ikibidi Chake Chake. Ila akiba ya Data Guard, njia ya Oracle ya kunakili databesi, inayopokea data muda wote inataka leseni kama ile kubwa. Microsoft wanakuachia iliyolala bila kuilipia leseni, lakini uwe unalipia Software Assurance, mkataba wao wa sapoti na matoleo mapya.

"Ukishanunua umemaliza." Sapoti ya Oracle ni asilimia 22 ya ulichonunulia, kila mwaka, ile seva yetu ya kori 8 ni dola 41,800 na inalipwa kwa dola wakati bajeti yako iko kwa shilingi. Ukiacha kulipa sapoti, leseni yenyewe haifi, unaendelea kutumia, ila pachi za usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, hupati, na ukitaka kurudi unalipishwa na miaka uliyoiruka na nyongeza juu yake.

"Za bure ni za wanafunzi." PostgreSQL, databesi ya bure, haina ada ya leseni wala kikomo cha kori, na kila toleo kubwa linapata marekebisho miaka 5. Gharama yake iko kwa mtu: nani anafanya bakapu, na nani amewahi kuirudisha ile bakapu akaona kweli inafunguka? Mie kwa ofisi nyingi za huku ningeanzia hapo. Usichanganye tu na SQL Server Developer, ile ni bure lakini kwa kujaribia, si kwa kazi yenyewe, na SQL Server Express ya 2022, nayo ya bure, inagota GB 10 kwa kila databesi.

Na bei zote nilizotaja ni za listi, hazijapunguzwa. Omba kotesheni ya maandishi ikitaja kori ngapi na opsheni zipi, yaani vifurushi vya ziada, na ukiweza bishana nao kabla mwaka wao wa fedha haujafunga, Oracle 31 Mei, Microsoft 30 Juni, ndo wakati mtu wa mauzo anapokea simu kwa haraka.