Kuomba chuo kikuu cha teknolojia Malaysia: karatasi gani itangulie ipi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, mlango wa kitengo chetu cha ushauri wa masomo ya nje haufungwi. Anaingia kijana na mzazi wake, bahasha ya kaki mkononi, na swali la kwanza huwa ni ada. La pili huwa ni lini anaondoka. Lile ambalo ningependa litangulie yote mawili haliulizwi mpaka mambo yaharibike: je, karatasi za huyu kijana zinasomana?

Leo nitazungumzia Malaysia, kwa sababu ndiyo nchi ya Asia ambayo waombaji wetu wa uhandisi na kompyuta huitaja sana, na kwa sababu utaratibu wake, ukiuelewa, mtu anaweza kuufuata mwenyewe bila dalali. Nitachukua Universiti Teknologi Malaysia, UTM, kuwa mfano. Ni chuo cha umma, chimbuko lake ni shule ya ufundi ya Kuala Lumpur ya mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1972 kikawa taasisi ya taifa ya teknolojia, na mwaka 1975 kikapewa jina la sasa. Kampasi kuu ipo Johor Bahru, kusini kabisa mwa rasi, ng'ambo ya Singapore, na nyingine ipo Kuala Lumpur. Hakipo peke yake. Kuna UTHM huko huko jimbo la Johor, UTeM Melaka, UniMAP Perlis na UMPSA Pahang, vyote vya umma na vyote vya ufundi na teknolojia. Jihadhari tu na vifupisho vinavyofanana. UTP ni chuo cha kampuni ya mafuta ya Petronas, si cha serikali kwa maana ya hivi nilivyovitaja, na UiTM ni chuo kingine kabisa. Nimewahi kumpokea mwombaji aliyelipa ada ya maombi kwenye chuo kimoja huku barua ya mwajiri wake ikitaja kingine.

Nianze na majina, maana hapo ndipo watu wetu hukwama zaidi. Chukua binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Juma Hamisi. Cheti cha kidato cha nne kikamwandika Mwanahamis J. Hamis. Cha kidato cha sita kikaacha jina la kati. Alipokwenda Uhamiaji, pasipoti ikatoka Mwanahamisi Juma Hamisi. Kwetu ni mtu mmoja, wala hakuna anayeshtuka. Kwa afisa aliyeko Johor, ambaye hajawahi kumwona wala hajui shule yake ilipo, hawa wanaweza kuwa watu watatu. Fomu za huko hutaka jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwa hiyo pasipoti ndiyo mama, na karatasi nyingine zote zimfuate. Tofauti ndogo ya herufi humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Jina likiwa limebadilika hasa, inahitajika hati ya kubadili jina. Yote hayo yafanywe kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma maombi, na kiapo kiambatanishwe pamoja na vyeti, kisisubiri kuulizwa. Jambo moja la kututuliza: Wamalaysia wengi nao hawana jina la ukoo. Wanatumia bin na binti kama watu wa Pwani na Visiwani, kwa hiyo jina lenye mtoto, baba na babu haliwashangazi. Kinachowasumbua ni jina linalobadilika.

Baada ya majina, alama. Kwa anayeomba shahada ya kwanza, mfumo wa Malaysia si mgeni kwetu sana. Wao wana mtihani wa SPM mwisho wa miaka 11 ya shule, kama kidato chetu cha nne, kisha STPM, kama kidato cha sita, na pande zote mbili ni urithi wa Mwingereza. Mwenye kidato cha nne peke yake asiombe shahada moja kwa moja. Atafute kwanza njia ya stashahada au mwaka wa maandalizi. Aliyesoma Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 akiwa na KCSE, cheti cha kumaliza sekondari, aulize chuo kwa barua pepe kama anahitaji mwaka huo, na ahifadhi jibu. Usipeleke divisheni tupu. "Divisheni ya kwanza, pointi 5" ni sifa kubwa Dodoma, lakini Johor haina maana mpaka uonyeshe daraja la kila somo, hasa hisabati ya juu na fizikia.

Kwa anayeomba shahada ya uzamili, hapa naomba tusimame kidogo. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima wastani kwa kipimo cha 5. Malaysia hupima kwa kipimo cha 4, na sharti la kawaida la kuingia uzamili UTM ni wastani wa 3.00 katika hicho cha 4. Sasa kijana ana 3.5 yake, daraja la pili la juu, na ana haki ya kujivunia. Anaiandika kwenye fomu "3.5" na kunyamaza. Afisa anamwona ni mwanafunzi bora sana, mpaka anapofungua transkripti, yaani orodha ya alama zake za chuo, na kukuta kipimo ni cha 5. Kwa hesabu ya uwiano tu, 3.5 ya 5 ni 2.8 ya 4. Hapo mwombaji ameshaonekana kana kwamba alificha, na hakuficha, hakujua tu. Andika daima "3.5 kati ya 5.0", ambatanisha ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja, na kama chuo chako kinaweza kukupa barua inayosema daraja la pili la juu huanzia wapi na kuishia wapi, ichukue. Chuo kinachopokea ndicho kitakachoamua namna ya kulinganisha. Wengi walio chini ya kiwango kwa uwiano wana uzoefu wa kazi, na uzoefu huo unaweza kutazamwa, mradi umethibitishwa kwa barua za mwajiri zenye tarehe.

Kiingereza kisidharauliwe. Cheti cha IELTS au TOEFL hudumu miaka 2 tu, na kiwango hutofautiana kwa programu. Kusoma sekondari kwa Kiingereza si lazima kukuondolee mtihani. Uliza kwanza.

Anayetaka shahada ya utafiti, iwe uzamili au uzamivu, ana kazi ya ziada: kumpata msimamizi. Hapa nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu vijana wenye akili nzuri hujimaliza wenyewe kwa barua pepe moja waliyoituma kwa maprofesa 40 kwa mpigo, anwani zote zikionekana juu. Profesa haijibu barua hiyo. Afanye nini basi? Afungue orodha ya wahadhiri wa kitivo anachokitaka, achague watatu, asome makala moja au mbili za kila mmoja, kisha amwandikie mmoja mmoja. Mistari 12 inatosha: mimi ni nani, nilisoma nini, makala yako ya maji taka nimeisoma na hiki ndicho kilichonigusa, tatizo ninalotaka kulitafiti ni hili hapa kwetu, nimeambatanisha pendekezo la kurasa mbili na transkripti. Fundi wa maji wa Mwanza anayejua jinsi magugu yanavyoziba bomba la kuvutia maji ziwani ana la kusema ambalo profesa wa Johor hana. Aliandike hilo, wala asinakili maneno makubwa ya wengine. Asipojibiwa kwa wiki mbili, akumbushe mara moja kwa adabu, kisha ahamie kwa wa pili.

Na saa. Malaysia iko mbele yetu saa 5. Ukiambiwa usaili ni saa 15:00 kwa saa za huko, kwetu ni saa 4 asubuhi. Ukipiga simu saa 6 mchana ya Dar, huko ni saa 11 jioni na watu wanafunga ofisi. Ukisoma maelezo ya zamani utaambiwa Johor hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Ilikuwa hivyo tangu 2014, ila tangu Januari 1, 2025 wamerudi kupumzika Jumamosi na Jumapili.

Sasa tuseme barua ya udahili imekuja. Nyumbani ni vifijo, mjomba anauliza bei ya tiketi. Tafadhali, tiketi isubiri. Barua hiyo inasema chuo kimekukubali. Haisemi Malaysia imekukubali. Kibali cha nchi kinapitia EMGS, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya Juu ya Malaysia inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni kwa kushirikiana na Uhamiaji wao. Huko zinakwenda kurasa zote za pasipoti zilizoskaniwa, pamoja na zile tupu, picha yenye mandhari nyeupe, vyeti, barua ya udahili na fomu ya afya. Baada ya kulipa, unafuatilia mwenyewe mtandaoni: unaandika namba ya pasipoti na uraia wako, na ukurasa unakuonyesha maombi yamefika asilimia ngapi. Kwa sababu kila kitu kimefungwa kwenye namba ya pasipoti, usiibadilishe pasipoti katikati ya safari hii. Kama imebakiza muda mfupi, ihuishe kabla ya kuomba chuo.

Mwisho wake hutoka barua ya kibali iitwayo eVAL. Ndiyo unayoingojea. Raia wa baadhi ya nchi zetu huruhusiwa kuingia Malaysia kwa matembezi mafupi bila viza, na hapo ndipo mtego ulipo. Dalali atakwambia "nenda tu kama mtalii, kibali utabadilishia huko huko." Usikubali. Mwombaji mpya anatakiwa awe nje ya Malaysia wakati kibali kinashughulikiwa, na anayeingia kwa mlango wa utalii anaweza kulazimika kurudi nyumbani kwa gharama yake. Ambao uraia wao unahitaji viza, wataiomba kwa kutumia eVAL hiyo hiyo.

Kuhusu madalali kwa jumla, wapo mawakala halali, na wapo wanaotoza familia pesa kwa kujaza fomu ambayo kijana wa miaka 19 angeijaza jioni moja kwenye simu. Ada za maombi na za EMGS zimeandikwa wazi kwenye tovuti za wahusika. Linganisha na unachodaiwa. Neno la siri la akaunti ya maombi libaki kwako. Pasipoti halisi usimwachie mtu akakae nayo "kwa usalama". Na barua pepe iwe yako, si ya wakala, kwa sababu huko ndiko barua ya udahili inakotumwa.

Kabla ya kukata tiketi, kuna mambo mawili ya afya. Malaysia inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka, au aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha ndege cha nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo. Chanjo huhesabika baada ya siku 10, na cheti chake sasa ni cha maisha. La pili, ndani ya siku 7 za kufika utapimwa tena kwenye zahanati iliyosajiliwa huko: picha ya kifua, damu na mkojo. Anayeshindwa kipimo hicho anaweza kurudishwa. Ndiyo maana nawasihi wazazi wampime kijana hapa hapa kwanza, kwa daktari wanayemwamini, kabla ya kuuza kiwanja. Siku 3 za mwisho kabla ya kuwasili jaza kadi ya kidijitali ya kuingia, MDAC, mtandaoni. Ni bure, tovuti inayokutoza siyo yenyewe.

Usipange bajeti kwa kutegemea kibarua. Mwanafunzi wa kigeni huruhusiwa kazi ya muda usiozidi saa 20 kwa wiki, tena wakati wa likizo zinazozidi siku 7, kwa kibali. Ili kibali cha kusoma kihuishwe, huangaliwa mahudhurio yasiyopungua asilimia 80 na wastani usioshuka chini ya 2.0. Ufadhili wa serikali yao, Malaysia International Scholarship, ni kwa ajili ya uzamili na uzamivu.

Na nyumbani je? Mtanzania apite Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla hajaondoka, si baada ya kurudi, ahakikishe chuo na programu vinatambulika, kwani ndiko atakakopeleka shahada yake itambuliwe siku akitafuta ajira. Mhandisi aulize pia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kuhusu programu anayoitaka. Malaysia ni mwanachama kamili wa Mapatano ya Washington tangu 2009, makubaliano ya nchi kutambuliana shahada za uhandisi, lakini utambuzi huo hushika programu moja moja iliyoidhinishwa, haushiki chuo kizima. Muulize afisa wa udahili jina kamili la programu yako limo kwenye orodha ya zilizoidhinishwa au la.

Vyeti halisi viwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, visiwekwe kwenye sanduku. Skani ziwe kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mzazi. Ukifika kaunta ya chuo utakuta bango limeandikwa *syarat*, na karani atakuomba *kertas*. Ni sharti na karatasi zile zile.