Kitunguu Saumu, Machozi na Harufu ya Gesi: Maswali Kuhusu Salfa Jikoni

Nafanya kazi kwenye duka la dawa, na hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza habari za kitunguu saumu. Anakuja mzee mwenye kadi ya presha mkononi, mama anayetafuta dawa ya fangasi, kijana aliyeambiwa na rafiki yake kwamba saumu inasafisha damu. Wote ninawajibu kwa kuanzia mahali pamoja: salfa, ile ambayo wazee wa pwani waliiita kiberiti. Kitunguu saumu na kitunguu maji huivuta kutoka udongoni na kuifunga ndani ya molekuli ndogo ndogo. Ukijua molekuli hizo zinafanya nini, utajua lini saumu inakusaidia na lini inakuumiza.

Mbona punje nzima hainuki, ila ukiitwanga harufu inafika kwa jirani?

Kwa sababu kile kinachonuka hakimo ndani ya punje nzima. Kinazaliwa pale mchi unapoiangukia. Ndani ya seli za saumu kuna dutu isiyo na harufu iitwayo aliini, yenye atomi ya salfa. Pembeni yake, kwenye vyumba vilivyofungwa, kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho alinesi. Punje ikiwa nzima, viwili hivyo havionani. Ukiponda, kuta zinabomoka, alinesi inaikata aliini, na vipande vinavyotoka vinaungana viwili viwili kuwa alisini. Yote hayo ndani ya sekunde chache. Alisini ndiyo inayowasha ulimi na kujaza jiko harufu, nayo ni silaha ya mmea: mdudu anayetafuna punje anakutana nayo mdomoni.

Wanakemia walihitaji miaka mia moja kulifahamu jambo hili. Mwaka 1844 Theodor Wertheim, mkemia wa Austria, alipitisha mvuke kwenye saumu akapata mafuta makali yenye salfa. Lakini joto lilikuwa limeshageuza kilichokuwamo. Mwaka 1944, huko Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey wakaukwepa moto. Waliloweka saumu kwenye alkoholi bila kuchemsha, na katika kilo 4 za saumu wakapata gramu 6 hivi za mafuta: alisini. Jaribio lao ninalolipenda zaidi ni lile la kugandisha punje kwa barafu kavu na kuzisaga ndani ya asetoni, kimiminika kisicho maji. Unga uliopatikana haukunuka hata kidogo. Ulipotiwa maji, harufu ikafumuka. Miaka michache baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck, wakiwa Basel, Uswisi, wakaitenga aliini yenyewe, na picha ikakamilika.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanatoka humu.

Mwanangu, mimi nameza punje mbili nzima kila asubuhi na maji ya uvuguvugu, sizitafuni kwa ajili ya harufu. Zinanisaidia?

Shikamoo bibi. Kwa kumeza hivyo, unapata kidogo sana cha hicho unachokitafuta. Punje haijapondwa, kwa hiyo alisini haijatengenezwa. Ikifika tumboni, asidi ya tumbo inaidhoofisha alinesi kabla haijafanya kazi. Unameza aliini nyingi na alisini kiduchu. Zaidi ya hapo, punje nzima inaweza kumkwama mtu kooni, na kwa mtu wa umri wako hilo si jambo dogo.

Ukitaka saumu yenye nguvu yake, itwange au ikate vipande vidogo, uiache ikae kama dakika 10, kisha uile na chakula. Hata ya kupikia ni hivyo hivyo. Wengi tunaponda na kuitupa papo hapo kwenye mafuta ya moto, na moto unaiua alinesi kabla haijamaliza kazi. Ukiipa zile dakika 10 kwenye kibao, sehemu ya manufaa yake inabaki hata baada ya kupikwa. Na kama tumbo lako lina vidonda au kiungulia, saumu mbichi asubuhi kabla ya kula itakuumiza. Kula ya kupikwa.

Kwa nini kitunguu maji kinaliza, lakini saumu hailizi?

Kitunguu maji kina ndugu yake aliini. Atomi ni zile zile na idadi ile ile, ila zimepangwa tofauti kidogo. Ukikikata, kimeng'enya cha kwanza kinaikata dutu hiyo, halafu kimeng'enya cha pili kinakipanga upya kipande kilichotoka na kukifanya gesi inayopaa mpaka machoni. Hicho cha pili kilitambuliwa mwaka 2002 na watafiti wa Japani. Kabla ya hapo wanasayansi walidhani hatua hiyo inatokea yenyewe. Gesi hiyo inachokoza mishipa ya fahamu ya jicho, na jicho linajiosha kwa machozi. Haipofushi wala haiharibu macho, ingawa inakera.

Kisu kikali kinasaidia, maana kinapasua seli chache kuliko kisu butu kinachoziponda. Kukiweka kitunguu kwenye friji nusu saa nako kunasaidia, kwa kuwa baridi inapunguza mwendo wa kimeng'enya na wa gesi. Udongo una sehemu yake pia: kitunguu kilichooteshwa kwenye udongo wenye salfa haba huwa kitamu na hakilizi sana. Ndiyo siri ya vitunguu vya Vidalia, kule Georgia, Marekani.

Nina presha. Naweza kuacha vidonge nikatumia saumu, tangawizi na limao?

Hapana, na hapa naomba unisikilize vizuri. Utafiti uliofanywa kwa watu wenye presha unaonyesha kwamba saumu inaweza kuishusha kidogo. Kidogo hicho hakitoshi kumlinda mtu ambaye presha yake imepanda kiasi cha kuandikiwa dawa. Presha haina kelele. Unaweza kuacha vidonge, ukanywa mchanganyiko wako miezi mitatu ukijisikia mzima kabisa, huku mishipa ya ubongo na figo ikiendelea kuumia. Nimeshawaona wateja waliorudi wakiwa wamepooza upande mmoja, wakisukumwa na watoto wao. Saumu kwenye mchuzi, sawa. Vidonge vyako navyo viendelee, na ukitaka kupunguza, aamue daktari anayekupima.

Kuhusu kolesteroli, jaribio lililofanywa vizuri Chuo Kikuu cha Stanford, matokeo yake yakatoka mwaka 2007, liliwafuatilia watu 192 kwa miezi sita. Wengine walikula saumu mbichi, wengine vidonge vyake vya aina mbili, wengine vidonge visivyo na kitu. Kolesteroli mbaya haikushuka katika kundi lolote.

Lakini tunaambiwa inaua bakteria. Hilo nalo ni uongo?

Si uongo. Louis Pasteur aliliandika tangu 1858, na Cavallito na Bailey walipoipima alisini maabara, iliwazuia bakteria wa aina nyingi. Tatizo ni safari ya kutoka kwenye sahani ya maabara hadi ndani ya mwili.

Alisini inaua kwa sababu ni mkorofi. Inavishika vikundi vya salfa na haidrojeni, wanakemia huviita thioli, ambavyo protini za bakteria zinavihitaji ili zifanye kazi. Ila thioli zimejaa pia katika damu yako na katika kila seli yako. Alisini ikiingia kwenye damu inakutana na thioli zako mwenyewe na kutoweka ndani ya dakika chache. Haifiki kwenye mapafu yenye kifua kikuu wala kwenye mkojo wenye maambukizi ikiwa bado ni alisini. Na mwaka 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa kula saumu kunamkinga mtu na virusi vile.

Afrika Kusini ililipia makosa haya kwa machungu. Katika miaka ya 2000 waziri wa afya wa huko, Manto Tshabalala-Msimang, aliwahimiza wenye virusi vya UKIMWI kula saumu, bitiruti na limao, wakati dawa za kufubaza virusi zikicheleweshwa. Watu walikufa wakisubiri dawa zilizokuwa zinajulikana.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: vidonge vya saumu vinaweza kupigana na dawa. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, watu wazima wenye afya njema waliotumia vidonge vya saumu pamoja na saquinavir, dawa mojawapo ya zamani ya kufubaza virusi, kiwango cha dawa hiyo katika damu kilishuka kwa karibu nusu. Kama unatumia dawa za virusi, mwambie mhudumu wako wa kliniki kabla ya kununua kidonge chochote cha saumu.

Dada, aibu kidogo: nimeambiwa niweke punje ya saumu ukeni kutibu fangasi. Ni salama?

Usione aibu, ni wengi wanaouliza. Tafadhali usiweke. Ule ukorofi niliousimulia hauchagui kati ya fangasi na ngozi yako. Saumu mbichi iliyobanwa kwenye ngozi kwa saa chache inaunguza kweli, malengelenge kama ya maji ya moto, na ngozi ya huko ni laini kuliko ya mkono. Fangasi ina dawa, ni ya bei nafuu na inatibu kwa siku chache. Pia si kila muwasho na uchafu ni fangasi. Mara nyingine ni ugonjwa mwingine unaohitaji vipimo.

Ninayosema hapa ni hayo hayo kwa jino linalouma na kwa kidonda. Kwa mtoto mchanga usimfungie saumu mguuni wala kifuani hata kwa usiku mmoja. Wapo watoto waliofikishwa hospitali na majeraha ya moto ambayo moto haukuhusika.

Nimepiga mswaki mara tatu na bado nanuka saumu. Kwa nini?

Kwa sababu harufu haitoki mdomoni peke yake. Molekuli nyingi za salfa za saumu huvunjwa mwilini, lakini moja, salfaidi ya alili na methili, haivunjwi upesi. Inaingia kwenye damu kutoka tumboni, inafika mapafuni, na unaipumua kwa saa nyingi. Mswaki hauifikii. Kunywa maziwa pamoja na chakula chenyewe, au kula tofaa bichi au majani ya nanaa, hupunguza.

Naweza kuponda saumu nyingi, nikaitia mafuta kwenye chupa na kuitumia mwezi mzima?

Usiiache nje ya friji. Saumu inatoka udongoni, na inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Bakteria hao hawapendi hewa, na mafuta yanaizuia hewa isiwafikie. Wakishamiri wanatoa sumu isiyo na ladha wala harufu, inayopooza misuli mpaka ya kupumulia. Mwaka 1985, Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua kwa saumu ya chupa iliyokuwa kwenye mafuta katika mgahawa mmoja. Ponda ya siku chache, weka kwenye friji, iliyobaki baada ya wiki tupa. Ukitaka ya muda mrefu, igandishe.

Nitafanyiwa upasuaji. Kuna haja ya kumwambia daktari kwamba natumia saumu?

Ndiyo, mwambie. Alisini ikikaa hugeuka kuwa dutu nyingine, mojawapo ni ajoini, jina lililotokana na neno la Kihispania la saumu, ajo. Ilielezwa mwaka 1984, na inapunguza uwezo wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, kugandana, hivyo damu inaweza kuchelewa kukatika. Saumu ya kwenye pilau haina neno. Mwenye kula mbichi nyingi kila siku, au vidonge vyake, kwa kawaida huambiwa aache wiki moja kabla. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asianze vidonge hivyo bila ushauri.

Gesi ya kupikia nayo inanuka kama kitunguu kilichooza. Kuna uhusiano?

Upo. Gesi ya mtungi kwa asili yake haina harufu. Harufu ile imetiwa makusudi, nayo mara nyingi ni molekuli ndogo ya salfa iitwayo ethanethioli. Pua ya binadamu inaihisi hata ikiwa chembe chache mno hewani. Mwaka 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule na kulipuka. Wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa bila mtu kunusa chochote. Baada ya msiba ule sheria ya kutia harufu ikapitishwa.

Kwa hiyo ukiinusa, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Simu piga ukiwa nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, hivyo toa kwanza watoto waliolala chini. Na pua huzoea: ukikaa humo ndani ukahisi harufu inafifia, huenda gesi haijapungua hata kidogo. Toka, kaa nje, umwite jirani ambaye hakuwamo ndani anuse mlangoni.