Supahiti: kwa nini presha peke yake haitoshi kupima gesi ya AC

Gesi ya AC huingia kwenye koili ya ndani ikiwa kimiminika kwa sehemu kubwa. Inachemka kwa kunyonya joto la chumba, na kwa muda wote inaochemka nyuzijoto yake haipandi. Tone la mwisho likishageuka mvuke, ndipo joto linapoanza kupanda. Nyuzi zinazoongezeka kuanzia hapo ndizo supahiti.

Supahiti ina kazi yake. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Kimiminika hakishindiliki, na kikiifikia huosha oili kwenye beringi na kuvunja vali. Supahiti ndiyo uhakika kwamba kinachorudi ni mvuke mtupu. Ikizidi mno, koili inakuwa na njaa ya gesi, chumba hakipoi, na kompresa inapata joto kali mpaka ovalodi, yaani swichi yake ya kinga, inakata.

Kuipima kunahitaji geji na kipimajoto cha kubana kwenye bomba. Acha AC ifanye kazi dakika 10 hadi 15. Soma presha ya bomba nene, lile linalorudisha mvuke kwenye kompresa, kisha tafuta kwenye jedwali la gesi hiyo inachemka kwa nyuzi ngapi. Kwa R-410A, psi 118 ni kama nyuzi 4 za Selsiasi. Kwa R-22, nyuzi hizohizo ni psi 68 hivi, kwa hiyo usichanganye majedwali. Safisha bomba karibu na vali ya huduma, bana kipimajoto, kifunike na sponji ili jua lisikudanganye. Gesi ikichemka kwa 4 na bomba likisoma 11, supahiti ni 7. Mfumo wenye vali ya upanuzi, inayorekebisha kiasi cha gesi inayoingia kwenye koili, kwa kawaida hukaa kati ya 5 na 8. Wenye kapilari, yaani kibomba chembamba kisichojirekebisha, hauna namba moja: nje kukiwa na joto kali supahiti hushuka, ndani kukiwa na joto na unyevu hupanda.

Faida yake inaonekana hasa bomba linapoganda barafu. Mafundi wengi wakiona barafu na presha ya chini huongeza gesi papo hapo, na hapo ndipo kompresa nyingi huuawa. Barafu ina vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho. Yeyusha kwanza, washa feni peke yake, kisha pima upya. Presha ya chini na supahiti ya 15 maana yake gesi imepungua au kuna kizuizi, labda draya (chujio la unyevu na uchafu) imeziba. Presha ya chini na supahiti ya 1 maana yake gesi ipo, ila hewa haipiti: filta chafu, koili ina vumbi, au feni imechoka. Ukiongeza gesi hapo, unapeleka kimiminika moja kwa moja kwenye kompresa.

Kwa AC ya inverta, weka kwanza hali ya majaribio, maana kompresa ikibadili mwendo namba nazo zinabadilika. Na kama kulikuwa na uvujaji, usihangaike kubahatisha kwa geji: ziba, vuta vakyumu (toa hewa yote kwa pampu), jaza kwa mzani kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko. R-410A ni mchanganyiko, hivyo itoke kwenye mtungi ikiwa kimiminika, taratibu.

Kwenye chila, mashine zinazopoza maji ya AC za majengo makubwa, kontrola hujikokotolea supahiti kwa sensa ya presha na sensa ya joto, kisha hufungua au kufunga vali ya upanuzi ya kielektroniki. Namba huonekana kwenye skrini ya mfumo wa jengo, na kwa kuwa imetulia, watu huiamini. Lakini sensa ya bomba ikisoma nyuzi 3 chini ya ukweli, kontrola itashikilia 6 kwenye skrini huku bombani ni 9, na chila itapoza pungufu bila kengele hata moja. Chomoa sensa, itumbukize kwenye maji yenye barafu tele na uyakoroge. Isiposoma 0 au karibu sana na hapo, ibadilishe kabla hujagusa vali wala gesi.