Je, wajua kwanini muvi kwenye TV mpya inaonekana kama tamthilia?

Umenunua TV mpya hapo Dodoma mjini, umefika nayo Nkuhungu au Ilazo, umeweka muvi ya mapigano unayoijua vizuri, alafu unaona kuna kitu hakiko sawa, watu wanateleza badala ya kutembea na muvi ya mamilioni ya dola imekua kama imerekodiwa sebuleni kwa mtu. TV sio mbovu wala hujauziwa feki. Ni setingi tu.

Iko hivi. Muvi nyingi zinarekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde, utaratibu ulioanza sinema zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, na macho yetu yameshauzoea. TV nyingi zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, sasa 60 ukigawanya kwa 24 haitoki kamili, kwahiyo picha moja inarudiwa mara tatu na inayofuata mara mbili, kamera ikizunguka taratibu unaona inakwamakwama. Pia kioo cha LCD kinashikilia kila picha mpaka nyingine ije, ndo maana mpira ukipigwa kwa kasi unaacha ukungu. Watengenezaji wakaifanya TV ibuni yenyewe picha za katikati ili kujaza pengo. LG wanaita TruMotion, Sony wanaita Motionflow. Kwenye mpira inasaidia kweli, kwenye muvi inaua ladha.

Sasa kwanini inakuja ikiwa imewashwa kabisa? Ingia duka lolote la vifaa vya umeme mjini mchana, TV zimejaa ukuta mzima, taa nyeupe juu, mlango wazi na jua la Dodoma la saa saba linaingia mpaka ndani. Mteja anasimama dakika chache na mkono unaenda kwa ile inayowaka zaidi, yenye bluu kali na mwendo laini, ile yenye rangi za kweli ikikaa pembeni yake inaonekana imepauka. Na siwalaumu wanunuzi, sebule nyingi mchana mapazia yako wazi, mwanga mkali unahitajika kweli.

Ila wapenzi wa sinema walichoka. Desemba 2018 Tom Cruise na dairekta Christopher McQuarrie walitoa video wakiwaomba watu wazime huo mfumo wa kubuni picha, na Agosti 2019 UHD Alliance, muungano wa watengenezaji wa TV na studio za sinema, ukatangaza Filmmaker Mode, yaani ukibonyeza hapo tu mwendo unarudi 24 na rangi zinakaa kama alivyotaka dairekta. Mimi naona huu ndo mgawanyo wa haki, anayetaka mwanga anabaki nao na anayependa sinema halazimiki kuwa fundi. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi imefichwa ndani ya menyu, na dukani ni nadra mtu kukuonyesha.

Kwahiyo ukiiwasha TV mara ya kwanza ikakuuliza Home au Store, chagua Home. Usiku ukiweka muvi ingia Picture, chagua Filmmaker Mode, mwanzoni utaona njano njano, ivumilie siku chache macho yazoee. Siku ya Simba na Yanga rudisha Sport au Standard. Kama TV yako ni ya bei ya chini na haina hiyo, chagua Movie au Cinema, na mara nyingi utakuta hata huo mfumo wa kubuni picha haumo kabisa, hapo huna cha kuzima.