Homa baada ya kemotherapi si ya kungoja kupambazuke

Wagonjwa wengi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, hurudi nyumbani kati ya dozi moja ya kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani, na nyingine. Homa ikipanda, jamaa husema ni malaria, au ni dawa inafanya kazi. Apewe Panadol alale. Hapana. Tafadhali msingoje.

Kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za uboho ndani ya mifupa zinazotengeneza seli nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi. Aghalabu seli nyeupe hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Hapo hata bakteria wa kawaida wa kinywani au utumboni waweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya saa chache. Tena dalili hujificha: usaha hutokana na seli nyeupe, hivyo maambukizi huenea bila usaha, homa ikabaki ishara pekee. Panadol huificha hata hiyo.

Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, nendeni hospitali usiku huohuo, na mseme mapema kwamba mgonjwa yuko kwenye kemotherapi. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini antibiotiki ya mshipani isisubiri majibu.