Kitabu nimekilipia, ufunguo anao mwingine

Nina kitabu cha kidijitali, cha kusoma kwenye kompyuta, cha mambo ya network nilikinunua mwaka juzi dola 38, nililipa kwa ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu, na hii ni wiki ya tatu sasa sijaweza kukifungua. Faili halijaharibika, lipo, naliona hapa. Ilikuwa hivi, umeme wa Mabibo ulikata ukarudi ukakata tena ndani ya dakika moja (wenyeji mnaujua ule) diski ya laptopu ikafa, nikaweka mpya, nikapiga Windows upya, nikaingia na akaunti yangu ileile, naambiwa nimemaliza idadi ya vifaa. Vifaa sita! Mi nina laptopu moja na simu moja tu. Kumbe kila nilipokuwa napiga Windows upya mfumo ulikuwa unahesabu mashine mpya, na mi ni fundi jamani, nipo Aggrey pale Kariakoo mwaka wa 11 huu, laptopu yangu ndo ya kufanyia majaribio yote.

Watu wengi hawajui hii kitu inafanyaje kazi kwaiyo ngoja nieleze. Kitabu cha epub, ile aina ya faili la vitabu vya kidijitali, kiukweli ni faili la zip tu, yaani mafaili mengi yaliyokusanywa kwenye furushi moja. Chukua kimoja ambacho hakijawekewa kufuli, badilisha ile epub ya mwisho wa jina iwe zip, fungua, utakuta kila sura ni faili lake, kurasa za aina ileile inayotengeneza tovuti, na picha kwenye folda yao. Sasa nikafanya hivyohivyo kwa hiki changu. Folda zipo, majina ya mafaili ya sura yapo, ila ukifungua sura yenyewe ni makorokoro matupu, vialama na viboksi kama simu ya Kichina imepotewa na fonti. Pembeni kuna folda inaitwa META-INF, ndani yake kuna faili la encryption.xml, hilo ni orodha ya vitu vilivyofungwa. Kitabu kizima kimefungwa kwa ufunguo mmoja, halafu ufunguo huo nao umefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako, na huo wa akaunti unakaa kwenye mashine uliyoisajili. Mashine ikifa nao umeondoka, unaenda kuomba upya kwa seva, yaani kompyuta kuu ya wenye mfumo, na seva ndo ina neno la mwisho.

Yaani umelipa kama mnunuzi ila unakaa kama mpangaji, tena mwenye nyumba yuko ng'ambo huna hata mlango wa kwenda kumgongea.

Na sio maneno ya fundi mwenye hasira. Julai 2009 Amazon walivifuta kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kisa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Watu walirudishiwa hela, na Jeff Bezos mwenyewe akaomba radhi, ila kuna mwanafunzi aliyekuwa ameandika notisi zake kulekule, zikabaki zinaning'inia hazina kitabu. Microsoft nao 2019 walifunga duka lao la vitabu, ilipofika Julai vitabu vikaacha kufunguka, wakarudisha hela, na waliokuwa wameandika notisi wakaongezewa dola 25. Walau walilipa. Halafu Februari 2025 Amazon wakaondoa ile njia ya kushusha kitabu kwenye kompyuta ukakihamishia kwa waya. Ndo ile wateja wangu walikuwa wanashushia kwa intaneti ya ofisini ili wasimalize bando.

Wiki iliyopita kaja mwalimu mmoja mstaafu na tableti, nikamwamkia shikamoo mwalimu, marahaba kijana, hebu niangalizie hii, vitabu vimepotea. Tableti nzima kabisa, chaji ipo. Mwanae aliyeko nje ndo alikuwa anamnunulia kwa akaunti yake, kijana kafunga akaunti, na vitabu navyo vikafuata. Mzee ananiambia, mbona alinipa zawadi? Nikakosa jibu la haraka. Ningemwambiaje, mwalimu, mwanao hakuwa na kitu cha kukupa, alikuwa na ruhusa ya kusoma tu? Sikumchaji hata mia. Kitabu cha mitumba ukinunua pale Posta unasoma, unamwazima shemeji, shemeji harudishi, yameisha, hakuna anayekuuliza.

Wenye kampuni watakwambia kufuli ni la kuzuia wizi. Sawa, waandishi nao wapate kula, sipingi. Lakini ingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi uone pdf zinavyotembea bila kufuli lolote, anayeiba hakutani nalo kabisa, anayekutana nalo ni mimi niliyetoa 38. Tor Books, wachapishaji wa hadithi za kisayansi kule Marekani, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao 2012, mwaka mmoja baadae wakasema hawajaona wizi ukiongezeka kwa maana yoyote. Wengine wanaweka alama ya mnunuzi ndani ya faili, ukikisambaza jina lako linasambaa nacho. Hiyo naikubali, ukikopi kwenye mashine zako mwenyewe hakuna anayekusumbua.

Najua mtaniuliza inbox kama kuna namna ya kuling'oa. Zipo, ila siandiki hapa, sheria ya Marekani ya 1998 inakataza kuvunja kufuli hata kama kitabu umekinunua kihalali. Siku hizi nafanya hivi, kabla sijalipa natafuta kwenye ukurasa wa kitabu kama wameandika hakina DRM, ndo jina la kufuli lenyewe, na mara nyingi naenda moja kwa moja kwa mchapishaji, wengine wa vitabu vya kompyuta wanakupa epub na pdf wazi kabisa.

Duka lililoniuzia kile kitabu lilinijibu juzi, baada ya meseji nne. Wamenikubalia kuongeza kifaa kimoja. Sijakisajili bado, maana laptopu yenyewe tangu jana imeanza kupiga skrini ya bluu.