Ada ya Vita Kwenye Ankara Yako: Nini Hutozwa Ushuru, Nini Hakitozwi

Sisi wa forodha tunapata malalamiko mengi kutoka kwa waagizaji wa hapa Mombasa: "Mnatutoza ushuru hata kwa vita vya watu wengine." Vita havitozwi ushuru. Kinachotozwa ni thamani ya mzigo, na Nyongeza ya Nne ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki, 2004, inahesabu humo bei ya bidhaa, bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Kampuni ya meli ikiongeza ada ya hatari ya vita, hiyo ni nauli. Dola 1,000 za ziada kwa bidhaa ya ushuru wa asilimia 25 huzaa dola 250, kabla ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Nauli ya lori kutoka bandari ya Kilindini hadi ghalani haimo, mradi imeandikwa peke yake.

Tangu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader Novemba 2023, kampuni nyingi zimekuwa zikikwepa Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo anayeleta mitumba kutoka Ulaya asishangae kuiona ada hiyo. Lakini magari ya Japani na mizigo ya Guangzhou hukata Bahari ya Hindi moja kwa moja, haipiti Bahari ya Shamu. Ni kweli uhaba wa meli ulipandisha nauli kwingi. Hata hivyo, ukikuta ada ya Bahari ya Shamu kwenye mzigo wa China, muulize aliyekuandikia ankara, si afisa wa forodha.

Wapo wanaoshauriwa kuilipa ada hii kwa ankara ya pembeni isiyofika forodhani. Adhabu yake iko katika kifungu cha 203 cha sheria hiyo hiyo: kifungo kisichozidi miaka mitatu, au faini isiyozidi dola 10,000. Usiporidhika na thamani tuliyokadiria, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna, naye ana siku 30 kujibu. Jibu lisipokuridhisha, una siku 45 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Kufoka dirishani hakusimamishi siku hizo.

Kuhusu bima: bima ya kawaida ya shehena haigusi vita, kinga hiyo hununuliwa kando. Nayo hukoma mzigo ukishushwa, au siku 15 baada ya meli kufika, lipi litangulie. Na kuchelewa hakumo kabisa. Matunda yakioza kwa sababu meli ilizunguka Afrika nzima, hasara ni ya mwagizaji, hata kama bima ya vita aliilipia.